Uliza Lugha: Herufi "c" ilivyoingia kwenye mkasi wa Mwingereza

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni binti ninayejifunza ushonaji hapa Morogoro. Fundi wangu amenipa kitabu cha mitindo kilichoandikwa kwa Kiingereza, na karibu kila ukurasa nakutana na neno "scissors". Kwanza, kwa nini lina s mwishoni wakati mkasi ni mmoja? Pili, kurasa nyingine zinasema "shears", na mimi naona picha ni ya mkasi tu. Tatu, hiyo c ni ya nini kama haitamkwi? Mwenzangu mmoja anasema ni kosa la uchapaji. Nimeliandika vibaya mara tatu kwenye daftari la vifaa na fundi kanisahihisha kwa kalamu nyekundu mara zote tatu. Naomba msaada wako. Mwanafunzi wa ushonaji, Morogoro.*

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa kuchagua kazi ya mkono. Barua yako imenikuta pazuri, kwa sababu kabatini mwangu umo mkasi wa marehemu baba, umepakwa mafuta ya cherehani na kufungwa kitambaa cha marekani. Nimeutoa, nimeuweka mezani mbele yangu, ndipo nikaanza kukuandikia.

Baba alishona nguo barazani, Ngamiani, Tanga, tangu sijaanza shule hadi nilipokuwa mwalimu. Mkasi wake ni chuma cheusi, urefu inchi 10. Tundu la kidole gumba ni dogo. La pili ni refu, linaingiza vidole vinne. Shingo imepindwa juu ili bapa la chini liteleze juu ya meza bila kukiinua kitambaa. Nyumbani kwetu hakuna aliyethubutu kuukatia karatasi. Siku hizi najua sababu: kiwandani karatasi hutiwa unga wa chokaa na udongo mweupe ili iwe laini na ing'ae, na unga huo hula makali. Baba hakuwa na habari za kiwandani. Alichojua ni kwamba mkasi ukishaonja karatasi, hariri haiutii tena.

Kabla ya neno, hebu tukitazame kitu chenyewe. Chukua mkasi wako mzuri, ufunge, uinue kwenye mwanga, uutazame kwa ubavu. Utaona mabapa hayakulaliana. Kila moja limepinda kidogo sana, kama upinde, na kati yao mwanga unapita. Yanagusana karibu na msumari wa katikati na kule nchani, basi. Ukiufungua na kuanza kukata, mahali pa kugusana huanzia msumarini na kusafiri polepole hadi nchani, na kitambaa hukatika pale pale panapogusana. Ndiyo maana baba alikuwa akiujaribu mkasi mpya kwa kukata pamba mbichi kwa ncha tu. Kama ncha zinaitafuna pamba badala ya kuikata, aliurudisha dukani.

Mimi natumia mkono wa kushoto, kwa hiyo siri hii niliijua kwa taabu tangu utotoni. Mkono wa kulia, unapoukamata mkasi wa kawaida, huyasukuma mabapa yabanane. Mkono wa kushoto huyatenganisha. Kitambaa huingia katikati, kikajikunja bila kukatika. Kama hapo darasani kwenu yupo mwenzako shoto anayeambiwa hajui kukata, mtafutieni mkasi uliotengenezwa kinyume. Upo, unauzwa, na siku ya kwanza nilipoushika nilikata mita mbili za kitenge bila kusimama.

Sasa s ya mwisho. Mwingereza akiutazama mkasi haoni kitu kimoja, anaona mabapa mawili yaliyofungwa pamoja. Kwa hiyo neno lake liko katika wingi siku zote, na akitaka kuhesabu anasema "a pair of scissors", yaani jozi moja ya mabapa, ingawa mkononi ana mkasi mmoja. Mikasi miwili ni "two pairs of scissors". Usiandike "a scissor" kwenye daftari lako. Kitenzi nacho hufuata wingi: "the scissors are on the table", mkasi uko mezani. Desturi hii anayo kwa vitu vingi vya pande mbili: suruali ni "trousers", koleo ni "pliers", kibano ni "tweezers", miwani ni "glasses". Ukiikumbuka suruali hutakosea mkasi, maana zote mbili zina miguu miwili iliyoungana juu.

Umbo lisilo na s lipo, lakini hutumika mbele ya neno jingine, kama kwenye "scissor lift", lile jukwaa la mafundi linalopanda kwa vyuma vinavyokatana kama mikasi, au "scissor kick" ya mpirani, mguu mmoja unapopishana na mwingine hewani.

Kuhusu "shears", kitabu chako hakikukosea. Kwa kawaida mafundi wa Kiingereza huita "scissors" ule mkasi mfupi, chini ya inchi 6 hivi, wenye matundu mawili yanayolingana, wa kukatia nyuzi na kona ndogo. "Shears" ni mkubwa, wenye tundu moja pana kuliko jingine, kama huu wa baba ulio mbele yangu. Sisi yote miwili tunaiita mkasi, na tukitaka kutofautisha tunasema mkasi wa nyuzi na mkasi wa kitambaa. Itazame tena picha ya kitabuni, hasa matundu ya vidole.

Neno "shears" ni la kale sana katika Kiingereza, limo tangu kabla Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, hawajavuka bahari na kuiteka Uingereza mwaka 1066. Limetokana na kitenzi cha kukata, ambacho hadi leo wafugaji wanakitumia kwa kukata manyoya ya kondoo. Shina hilohilo limezaa "short", yaani fupi, kitu kilichokatwa. Limezaa pia "shirt" na "skirt". Mbili hizi zilikuwa neno moja, maana yake vazi fupi. Moja likabaki na Waingereza wenyewe, jingine likaja na wasafiri wa kaskazini, watu wa Skandinavia waliovamia na kulowea kule. Kwetu yakafika kama shati na sketi. Kwa hiyo ukilaza sketi mezani na kuikata kwa "shears", mkononi una ndugu na mezani una ndugu.

Nimefika kwenye c, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu herufi hii ina deni kwangu. Nilipokuwa kidato cha pili niliandika "sissors" kwenye mtihani. Nilikatwa alama, nikaambiwa niliandike neno lile kwa usahihi mara 50. Nikaandika. Nilipouliza c inafanya nini pale, niliambiwa ndivyo ilivyo. Mtoto wa fundi cherehani, niliyekuwa nikilala nikisikia mkasi ukifanya kazi chumba cha pili, nikaambiwa ndivyo ilivyo! Nimefundisha lugha miaka 31 na sikuwahi kumpa mwanafunzi jibu hilo.

Mwenzako amekaribia ukweli. Ni kosa, ila si la mchapaji. Ni kosa la wasomi.

Neno lilitoka Ufaransa. Wafaransa wa kale waliuita mkasi "cisoires", nao walilipata kutoka Kilatini, kwenye kitenzi "caedere", maana yake kukata. Waingereza wakalipokea na kuliandika walivyolisikia: "sisours", "cisours", na namna nyingine nyingi. Hakukuwa na "sc" hata kidogo.

Halafu ikafika karne ya 16. Wasomi wa Uingereza walikuwa wamekipenda Kilatini mno, wakataka kila neno lao lionyeshe ukoo wake wa Kirumi hata kwa herufi zisizotamkwa. Neno "debt", deni, lilikuwa limekuja kutoka Ufaransa bila b. Wakaitia b kwa sababu Kilatini ni "debitum". Hapo angalau ukoo ni wa kweli. Lakini "island", kisiwa, ni neno lao wenyewe la kale, halihusiani na Kilatini "insula" kwa damu wala kwa ndoa, na likatiwa s hivyohivyo.

Walipofika kwenye mkasi, walikumbuka neno jingine la Kilatini, "scissor". Hilo linatoka kwenye kitenzi tofauti, "scindere", kupasua. Warumi walimwita hivyo mtu anayekata nyama mezani, na katika Kilatini cha zama za kati likawa jina la mshonaji wa nguo. Wasomi wakaona yanafanana: hili la kukata, lile la kukata; hili la nguo, lile la nguo. Wakahitimisha kwamba ni mtu na mwanawe, wakalivika neno la mkasi herufi za mwenzake. Tangu hapo Mwingereza anatamka kitu kimoja na kuandika kingine.

Hayakuwa makubaliano ya siku moja. Mwaka 1755, Samuel Johnson alipochapisha London kamusi yake kubwa, alieleza kwamba watu bado wanaliandika kwa namna mbalimbali, kila mmoja kwa asili anayoidhania: wengine kwa c peke yake wakifuata "caedo", wengine kwa "sc" wakifuata "scindo". Walioshinda ni wa "sc", ambao hoja yao ilikuwa dhaifu.

Chombo kingine cha kukatia kilipata msiba huohuo. Kuna mundu wao mkubwa wenye mpini mrefu, unaoshikwa kwa mikono miwili kufyekea majani na ngano, wanauita "scythe". Hilo ni neno lao la asili, na zamani liliandikwa "sithe". C yake nayo imebandikwa kwa sababu ya "scindere". Johnson alijitahidi kulirudisha, akaliandika "sithe" katika kamusi yake. Hakusikilizwa.

Kwa upande wako, mwanangu, kosa hili linakufaa. Tahajia unayosahihishwa kwa kalamu nyekundu ni jina la mshonaji. Toa s ya mwisho, kinachobaki herufi kwa herufi ni neno ambalo padri au karani wa zama zile angeandika akikutaja wewe na fundi wako. Likumbuke hivyo na hutalikosea mara ya nne. Kulitamka, c sahau kabisa, na s mbili za katikati zisome kama z: "siza", kisha z nyingine ya kumalizia.

Ukoo wa kweli, ule wa "caedere", bado unastahili kuujua, kwa sababu umejaa mitaani. "Incisor" ni jino la mbele, la kukatia. "Chisel" ni patasi. "Insecticide" ni dawa ya kuua wadudu, maana kukata na kuua kwa Warumi vilikuwa neno moja. Hata simenti imo: Warumi walikuwa na "caementum", vipande vya mawe yaliyochongwa, vilivyochanganywa kwenye ujenzi, na jina likahama kutoka kwenye vipande hadi kwenye unga unaovishika. Lakini ninalolipenda kuliko yote ni "decide", kuamua. Ndani yake mna "caedere", kukata na kutenga. Sisi hatukuwahi kukaa na Warumi, na bado mtu akishaamua tunasema amekata shauri.

*Mwalimu, salaam aleikum. Huku Mombasa sisi twasema makasi. Mke wangu ni mtu wa Dar es Salaam, naye husema mkasi, na watoto wauliza nani asema sawa. Jirani yangu ashikilia kuwa mkasi latokana na kukata, ni Kibantu tupu. Tuamulie. Baba wa watoto watatu, Kisauni.*

Wa aleikum salaam, kaka. Kwanza waambie watoto kwamba mama na baba wote wako sawa. Mkasi, wingi mikasi, ndilo lililozoeleka Tanzania. Makasi ni la Kenya na pwani yenu, na makamusi yanayajua yote mawili. Mimi nikija Mombasa dukani naomba makasi, na hakuna aliyenitazama vibaya. Kinshasa ndiko ambako ungeshangaza watu, maana kwa Kilingala makasi ni nguvu, kama mnavyosikia kwenye nyimbo zao.

Jirani yako nampa pole. Kukata ni kitenzi cha Kibantu kweli, lakini mkasi si mtoto wake. Ni neno la Kiarabu, "miqass", kutoka shina la herufi q, s na s nyingine, zile s nzito. Jirani amefanya lile lile walilofanya wasomi wa Uingereza hapo juu: ameona sura zinafanana na maana zinakaribiana, akaunga undugu. Wako wanaoufanya mchezo huo kwa "mkataba" pia, wakisema ni makubaliano yaliyokatwa. Mkataba unatokana na kuandika, shina la k, t na b, pamoja na kitabu, katibu na katiba. Haukukatwa popote.

Tazama basi Kiswahili kilivyoupokea mkasi, maana ni kazi ya fundi. Kwa Kiarabu, "mi-" ya mwanzo ni alama ya chombo: unachukua kitendo, unakitia mi-, unapata kifaa cha kukifanyia. Waswahili wa mwanzo walioununua kutoka kwenye majahazi hawakujali sarufi hiyo. Walisikia sauti ya mwanzo inayofanana na m- ya mti na mkono, wakauweka hapo: mkasi huu, mikasi hii. Msumari nao, Kiarabu "mismar", umepita njia hiyohiyo. Kwa hiyo mkasi na msumari wake wa katikati walishuka jahazi moja na kuingia ngeli moja. Mizani ni chombo cha namna hiyo pia, kutoka kwenye kupima uzito, lakini yenyewe haikukubali kuvaa m-; imebaki mizani, iwe moja au kumi. Wenzenu wanaosema makasi wamelisikia neno kwa sauti tofauti kidogo, nalo likaangukia upande wa ma-, pamoja na maji na mafuta.

Wapo wanaoniandikia kwamba kulitia neno la kigeni katika ngeli zetu ni kuliharibu. Sikubaliani nao hata kidogo. Msomi wa Uingereza alibadilisha maandishi ili neno liseme uongo kuhusu lilikotoka. Mswahili alibadilisha mavazi ili neno lifanye kazi nyumbani, na hakudai kwamba ni mwanawe wa kumzaa.

Shina lenyewe lina utajiri ambao watoto wako wataufurahia, hasa kama wanasoma chuoni. Kwa Kiarabu "qassa" ni kukata kwa mkasi. Ni pia kufuata nyayo za mtu hatua kwa hatua, na kusimulia, maana msimuliaji hufuata nyayo za tukio. Sura ya 28 ya Kurani inaitwa Al-Qasas, Visa. Katika aya ya 11, mama yake Musa, akishamtia mwanawe mtoni, anamwambia dada yake mtoto amfuatie, na neno analotumia ni la shina hili. Mwalimu wetu wa madrasa alilisoma polepole sana pale, mkono wake ukienda hewani kama anayefuata kitu majini.

Kutoka hapo tumepata kisa, wingi visa, ambalo nalo limejikuta kwenye ki- na vi- kama kitabu. Na tumepata kisasi, kwa Kiarabu "qisas", kulipa sawa kwa sawa, bila kuzidisha. Nyumba yenu ikigombania makasi na mkasi, mwaweza kuwaambia watoto kwamba kisa cha babu, kisasi cha wahalifu na mkasi wa mama vyote vimetoka kwenye shina moja. Wangu walikaa kimya jioni nzima nilipowaambia, kisha mdogo akaenda kuuchukua mkasi wa babu yake na kuufungua mara kadhaa, akiusikiliza.

*Habari Mwalimu. Nafanya kazi kwenye shamba la waridi Naivasha. Chombo chetu cha kukatia maua msimamizi anakiita "secateurs", na kila mtu analitamka kivyake. Ni Kiingereza kweli? Na kwa Kiswahili tukiite nini? Mkata waridi.*

Nzuri, ndugu yangu. Hicho ni Kifaransa kilichohamia Kiingereza cha Uingereza. Wamarekani hawalitumii sana, wao husema "pruning shears". Sifa ya kukibuni hupewa Antoine François Bertrand de Molleville, aliyekuwa waziri wa majeshi ya majini wa mfalme Louis XVI, akakimbilia Uingereza wakati wa mapinduzi ya Ufaransa, kisha akarudi kwao. Ilikuwa karibu mwaka 1815. Kabla yake wakulima wa mizabibu walitumia kisu kidogo kilichopinda, na inasemekana wazee wengi hawakutaka kukiacha.

Jina limetokana na Kilatini "secare", kitenzi cha tatu cha kukata mnachokutana nacho katika ukurasa huu leo. Safari hii c ni halali yake tangu mwanzo, na ndiyo maana inasikika, kama k yetu. Tamka "seka-" kisha "taz", ukivuta na kukaza silabi ya mwisho. Kama mkasi, liko katika wingi, na kimoja ni "a pair of secateurs". Kutoka "secare" ndiko ilikotoka sekta, kama mnavyosikia sekta ya kilimo ikitajwa redioni. Na "insect", mdudu, ni kiumbe aliyekatwakatwa: kichwa, kifua na tumbo vimetenganishwa kwa viuno vyembamba. Mtazame nyigu akitua kwenye waridi lako na utaona mahali mkasi ulipopita.

Kwa Kiswahili hatuhitaji kuazima. Kupunguza matawi ili mti uzae vizuri ni kupogoa, neno ambalo wakulima wa kahawa na matunda wanalitumia kila msimu. Chombo chako ni mkasi wa kupogolea. Na kwa vile wewe unakatia maua ya kuuza, si kupogoa tu, mkasi wa maua nao unatosha. Mwenzako wa mstari wa pili ataelewa unataka apitishe nini.